Daftari ya Mashini ya Radio

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Leo nimekata vichwa kumi na ine na nusu. Nusu ni ya Saleh. Upande wa kuume safi kama yai, upande wa kushoto pori. Tondezi ya kunyolea ilizima mukononi. Saleh amerudi kwao na kitambaa ya mama yake juu ya kichwa, na kesho iko Ijumaa. Atanitukana wiki nzima. Ajitukane mwenyewe, alichelewa kuja.

Kila Alhamisi ni hivi. Vijana wanapanga mustari nyuma ya nyumba ya radio, wanataka kuingia musikitini na kichwa kisafi. Waya yangu inapita dirisha ya studio, inaenda kwa batri za radio. Tondezi mbili, na bafle ya muziki. Kinyozi bila muziki ni mutu anakwangua mbuzi.

Batri ilikufa, radio nayo ikakufa. Saa kumi na moja hivi. Mama Esperansi, yeye ndiye anaongea kwa radio, alikuwa na komunike mukononi: Bibi Salima amefariki adhuhuri, maziko kesho asubuhi, mwana wake Yusufu wa Wamaza aje haraka. Hakuisoma. Wamaza simu inashika tu juu ya kilima, na hakuna mutu anakaa juu ya kilima. Kule wanasikiliza sisi.

Jioni wakatafuta mwenye pikipiki. Mvua. Hakuna aliyekubali ile barabara.

Ijumaa, tarehe 7

Wamezika. Mwana hakuweko.

Alifika baada ya sala. Matope mupaka magotini. Alisikia komunike leo asubuhi, na asubuhi iko kuchelewa. Akaja moja kwa moja radio, akakaa kwa benchi yetu, hakupiga kelele. Ingekuwa heri apige. Akauliza tu: saa ile nini ilitokea, na nani alikuwa kwa mashini.

Wote wakaniangalia mimi.

Direkta wa radio akapigia simu Teknisie wa Kindu, ule fundi aliyefunga mitambo. Akaweka sauti kubwa tusikie. Teknisie bila kuwaza: "Ni ule mutoto. Anaingiza vidole ndani ya mashini."

Mutoto. Niko na miaka kumi na tisa. Vidole niliingiza mara moja, kuweka muziki muzuri pahali pa ule muziki wake wa kanisa ya Kindu.

Kamati ya radio itakaa tarehe 21, baada ya sala ya Ijumaa. Direkta anasema siku ile nitafukuzwa. Yaya Yusufu, namuita vile kama kaka mukubwa, anasema atangoja kwa dada yake paka siku ile, anataka kusikia kwa masikio yake. Basi watanisikia.

Jumamosi, tarehe 8

Nina hasira. Sikulala vizuri.

Niandike mashini iko namna gani, ili nione wazi. Ni ka-ordinatere kadogo, kompyuta, hakazidi kipande ya sabuni. Kanalala ndani ya boksi ya plastiki, karibu na emetere yenye inarusha sauti hewani. Kanacheza nyimbo, kanapanga saa za matangazo, kanapokea sauti ya Mama Esperansi. Teknisie aliifunga, akaondoka na mukoba wake, na neno la siri ya kuingia akaliandika chini ya meza na kalamu ya biki. Nani anaangalia chini ya meza? Mimi.

Nilikomea darasa ya ine ya sekondari. Lakini niko na simu, na ndani ya simu niko na kitabu ya Kifaransa kurasa mia tatu juu ya hizi mashini. Nimesoma paka 118. Teknisie nafikiri alikomea kwa jalada.

Kila mashini kama hii iko na daftari yake. Inaandika yenyewe: nimeamka, nimecheza wimbo fulani, mutu amebonyeza hapa. Nikaingia kusoma ya Alhamisi. Hakuna. Ya Ijumaa, hakuna. Daftari inaanza leo asubuhi, kama mashini imezaliwa leo.

Kumbe inaandika ndani ya kichwa tu. Ikizima, inasahau yote. Teknisie aliipanga vile. Halafu anajua ni vidole vyangu. Alisoma wapi?

Jumapili, tarehe 9

Mama Esperansi alienda misa. Radio inacheza yenyewe. Nikaingia.

Ni mustari moja tu. Unaambia mashini daftari yake ikae wapi: kichwani, ao kwa karti, ile kadi ndogo ya kumbukumbu. Nikaandika kwa karti. Nikazima, nikawasha, nikasoma. Ya kabla ya kuzima iko pale. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Kitabu inasema karti inachoka ukiiandikia sana. Ndio maana Teknisie aliogopa. Sawa, hakuwa mujinga kabisa. Mujinga nusu, kama kichwa ya Saleh.

Tena nimefanya kitu ingine. Batri za jua ziko na boksi yake, rejilatere, yenye inazima yote kama nguvu inashuka kufika volti kumi na moja. Nikatoa waya kwa ile boksi, nikaingiza kwa mashini. Sasa kila dakika mashini inaandika nguvu ya batri ni ngapi. Saa niliweka kwa mukono.

Sababu mimi najua nani anakula batri. Watu wote wanajua. Iko waya ingine, inapita chini ya mukeka wa ofisi, inatoka kwa ukuta, inaenda kwa nyumba ya Direkta. Kule iko kongelatere ya mke wake, friji ya kupoza maji ya tangawizi. Hakuna anayesema. Daftari itasema.

Jumanne, tarehe 11

Siku mubaya. Makosa yangu, nayaandika hapa sababu hapa hakuna anayesoma.

Niliambia mashini iandike yote, hata ikipumua. Na sikuiwekea mwisho. Kwa siku mbili ikajaza karti nzima. Mama Esperansi anataka kurekodi salamu za wasikilizaji, mashini inakataa, hakuna nafasi. Direkta akasimama mbele ya watu: "Si niliwaambia?" Amenikataza kugusa kibodi.

Mama Esperansi akasema anaenda chooni, na anakaaga kule dakika kumi, na akirudi hajaona kitu. Dakika kumi zikatosha. Nimepunguza: iandike mambo ya maana tu, isipite mega hamsini, na ikijaa ichane kurasa za zamani kwanza.

Yule mama ni mama.

Jumatano, tarehe 12

Shida ingine. Leo ni Jumatano saa sita, mashini inaandika Jumanne saa tatu asubuhi.

Nimechungulia kitabu. Mashini haina kabatri kadogo ka saa. Ikizimwa, inaamka na saa ile ililala nayo. Mulinzi anaizima saa tatu ya usiku, anaiwasha saa kumi na mbili ya asubuhi. Kila usiku inapoteza saa tisa. Ingekuwa na interneti ingejirekebisha. Interneti yetu inafika siku ikipenda.

Mimi nasahau mambo, lakini najua leo ni leo.

Alhamisi, tarehe 13

Vichwa kumi na ine. Saleh nimemuweka wa kwanza ili anyamaze. Saa kumi na moja na kidogo, tondezi ikakufa, radio ikakufa. Nilifurahi. Nafikiri mimi peke yangu katika Kasongo nilifurahi.

Asubuhi nitasoma.

Ijumaa, tarehe 14

Nimesoma. Nimekasirika.

Nguvu inashuka, ndiyo, inashuka kama mutu kwa ngazi. Halafu dakika tano za mwisho hakuna. Zile zenyewe nataka. Kumbe mashini inashika mistari kichwani, inaiweka kwa karti kila dakika tano. Batri ikikufa katikati, zinapotea.

Nikaenda kwa Direkta vilevile. Sina subira. Nikamuonyesha: nguvu imeshuka, tazama, kuna kitu kinakula. Akavaa miwani, akaangalia saa iliyoandikwa, akacheka paka akakohoa.

"Alfajiri ya Jumatano. Amisi, alfajiri ya Jumatano mimi nalala, na kongelatere inalala."

"Sikutaja kongelatere, Baba Direkta."

Akavua miwani. Hakucheka tena. Lakini alikuwa na haki juu ya saa, na mimi nilijua. Kamati hawatasoma karatasi inayosema alfajiri kwa kitu ya jioni. Yaya Yusufu naye hatasoma. Siku saba.

Jumamosi, tarehe 15

Nimeipata. Na niliipata nikiwa nimekaa bure kwa mulango, nakula muhogo.

Musikiti iko hapa karibu, ukuta kwa ukuta. Muadhini akianza, sauti yake inaingia ndani ya mikro yetu. Toka radio ifunguliwe iko desturi: mutangazaji anabonyeza pozi, kifungo cha kusimamisha, nyimbo inanyamaza, adhana inapita hewani yote, kisha tunaendelea. Mama Esperansi ana rozari shingoni na hajakosa hata adhana moja. Anasema mutu akiongea unamungoja amalize.

Leo adhuhuri akabonyeza. Na mimi na muhogo ndani ya kinywa nikawaza: ile pozi, mashini inaiandika.

Alienda tena chooni. Nikafungua. Ziko zote. Pozi ingine ni sekunde, mutu anakunywa maji. Adhana ni dakika tatu, ine. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, kila siku, zimepangwa. Mashini inaweza kusema ni Jumatano ao ni mwaka wa babu yangu, sijali. Nahesabu toka adhana. Alhamisi: pozi ya alasiri, kisha yote yanayofuata, dakika kwa dakika.

Teknisie ana diploma. Mimi niko na muadhini.

Jumatatu, tarehe 17

Nimebadilisha mustari wa mwisho. Mashini isingoje dakika tano, iandike kwa karti kila sekunde kumi. Karti itachoka mbele ya siku zake. Ichoke. Baada ya Ijumaa nitairudisha.

Yaya Yusufu alipita. Anapita kila siku, anasalimu, anakaa kidogo kwa benchi. Leo aliniuliza nafanya nini. Nikamueleza: pozi, batri, dakika. Nilieleza sana, nilijisifu kidogo. Alisikiliza mupaka mwisho.

Akasema: "Mama alikuwa anakaa na radio yenu shambani, kwa kamba, shingoni."

Nikachukua wembe. Nikamukata ndevu bure.

Alhamisi, tarehe 20

Nimefanya kama kila Alhamisi, nisibadilishe kitu, ili Direkta asiseme nimepanga. Mawingu toka asubuhi. Tondezi mbili, bafle. Vichwa kumi na ine. Wa kumi na tano alikuwa anakaa tu kwa kiti, yote ikazima.

Niliangalia dirisha ya Mama Direkta, mwenye kongelatere. Alikuwa anatoa chupa za tangawizi, baridi zinatoa jasho. Kesho, mama.

Ijumaa, tarehe 21, asubuhi

Mulinzi amewasha, nimesoma. Yote iko, paka sekunde za mwisho.

Pozi ya alasiri, dakika ine. Dakika sita baada ya pozi, nguvu inaanguka mara moja, nusu volti nzima. Hiyo ni kongelatere, kule wanaiwasha alasiri. Nilipiga meza.

Kisha inakuja ngazi. Niliiona wiki jana nikafikiri ni kongelatere inapumua. Sasa niko na dakika zote, nimeziangalia vizuri. Inashuka, inakaa dakika sita, saba, inapanda kidogo. Inashuka tena. Inapanda. Kila mara inapanda chini kuliko mwanzo. Ni mashimo. Nikayahesabu na kidole kwa kioo.

Kumi na ine.

Nikahesabu tena. Kumi na ine. Shimo la tano ni refu kuliko mengine, na la tano alikuwa wajina wangu Hamisi, nywele zake ni waya za baiskeli. Kisha la kumi na ine inashuka mara ya mwisho, inafika volti kumi na moja, rejilatere inafunga.

Nilikaa. Nikachukua kalamu.

Bila kongelatere ingefika magharibi, nimepiga hesabu. Bila mimi ingefika vilevile. Tuko wawili. Na ile Alhamisi ya Bibi Salima nilikata kumi na ine na nusu, nimeiandika hapa juu mwenyewe, na kucheka.

Sasa niko na neno la siri, na niko peke yangu mu studio. Kufuta ile mistari ni kuandika maneno matatu. Natoa saa za tondezi, nabakiza kongelatere. Nani atajua? Teknisie hawezi kusoma. Direkta hawezi. Mama Esperansi iko chooni na hajaona kitu.

Niliandika yale maneno matatu. Mukono juu ya kibodi. Kisha nikawaza: wiki mbili natukana mutu aliyesema kitu bila kusoma. Na mimi nimesoma.

Nimefuta maneno. Sikufuta mistari. Na wasifikiri ni kuogopa. Kama watanifukuza, wanifukuze kwa kitu ya kweli, si kwa vidole. Nimenakili yote kwa karatasi, kurasa ine, mwandiko muzuri.

Ijumaa, tarehe 21, jioni

Kamati imekaa ofisini, mimi nilikataa kukaa. Nikasoma nikisimama.

Nilianza na mashimo. Direkta alikuwa amejipanga kukataa kongelatere, nikamuacha na maneno yake mudomoni. Nikasema: hili la kwanza ni Saleh, la pili ni Bashiri, la tano ni Hamisi, muone urefu. La saba ni mwana wa imamu. Watu wakaanza kucheka, mwana wa imamu akavuta kofia. Nikasema: na yote ni mimi, ni waya yangu, nilikula batri ya radio kila Alhamisi. Hawakucheka tena.

Kisha nikasoma anguko la mbele ya mashimo, dakika sita toka adhana ya alasiri, nusu volti nzima kwa mara moja. Nikasema sitaji nyumba ya mutu. Nikainua kona ya mukeka kwa mguu.

Waya iko pale, nyeupe.

Direkta akasema niondoke toka leo. Mama Esperansi akasema: "Aondoke na waya gani? Yake ao yako?" Mwenyekiti wa kamati, muzee wa duka ya dawa, akasema nyaya mbili zikatwe, leo, na hakuna kuondoka.

Yaya Yusufu akasimama. Aliniuliza kama niko na karatasi ya siku ya mama yake. Nikasema hapana. Ile siku mashini ilisahau, haitakumbuka tena. Lakini ilikuwa Alhamisi, mawingu, na nilikata kumi na ine na nusu. Nikasema nisamehe, yaya. Neno lile lilinipa shida kuliko kurasa ine zote.

Aliangalia mikono yangu. Akasema: "Basi sasa najua." Hakusema amesamehe. Akaomba zile karatasi. Akazikunja mara ine, akaziweka ndani ya kofia yake, akavaa.

Jumamosi, tarehe 22

Nilikata waya yangu mwenyewe, na koleo yangu. Yaya Yusufu amepanda pikipiki, amerudi Wamaza. Direkta ananisalimu na kidevu. Nami namujibu na kidevu. Mashini nimeirudisha, iandike kwa karti kila dakika tano. Siri ya kuingia nimebadilisha. Chini ya meza nimeacha ile ya zamani, Teknisie asihuzunike.

Alhamisi, tarehe 27

Vichwa sita. Mukasi na wembe. Bila bafle, Saleh aliimba, ingekuwa heri bafle.

Mawingu siku nzima. Saa kumi na moja na nusu batri iko volti kumi na mbili nukta mbili. Mama Esperansi akasoma komunike ya kwanza: Yusufu mwana wa Salima, Wamaza, na jamaa yote ya kule, hitima ya mama iko Jumapili baada ya adhuhuri, nyumbani kwa dada. Akarudia mara mbili, polepole, kama watu wa kule wanaandika.

Magharibi ikakaribia. Akasimama, akasema anaenda chooni. Muadhini akasafisha koo ndani ya mikro yetu.

Nikabonyeza pozi.